SOMO LA BUSTANI: ALIZETI MWITU

Vipande vyetu ni vidogo na udongo umechoka. Ukitoka Jinja kwenda Kamuli, pale Buwenge, utaona kando ya njia kichaka chenye maua ya njano. Ni alizeti mwitu, asili yake Mexico na Amerika ya Kati. Jua kali haliiui upesi.

Katika miaka ya 1990 watafiti huko Maseno, magharibi mwa Kenya, waliona kwamba majani yake yana naitrojeni nyingi, tena huoza haraka. Basi kata majani na matawi laini kabla ya maua, katakata, fukia, ngoja kama wiki moja, ndipo upandikize sukuma wiki. Mita moja ya mraba yataka kilo 2 na nusu za majani mabichi. Tuta la mita 10 za mraba ni kilo 25! Kwa hiyo usihangaike na shamba zima la mahindi, utavunjika shingo kwa kubeba. Weka kwenye mboga.

Kuipanda ni rahisi: mvua ikianza, chomeka vipande vya shina gumu mpakani. Lakini usiiache ikomaze mbegu. Itaingia kwa jirani, na ugomvi wa mipaka tunaujua.