Ploti hazijauzwa, kaunti inadai

*Niligawa shamba langu Kajiado kuwa ploti 32. Nimeuza 9 tu. Barabara ya changarawe imeishia katikati. Kaunti inanidai kodi ya ardhi kwa zote, thamani ileile. Ni haki?*

Pole, ndugu. Hatimiliki zikishatoka, kila ploti hutozwa kodi peke yake, hata kama haijapata mnunuzi. Unachoweza kupinga ni thamani: ploti isiyofikika kwa gari hailingani na ile ya kando ya barabara. Piga picha pale changarawe inapoishia, ambatisha mikataba ya mauzo, uwasilishe pingamizi kwa maandishi kabla muda wa notisi haujaisha. Ila usiache kulipa. Bila cheti kwamba hudaiwi, huwezi kumhamishia mnunuzi ploti yake. Wakikataa pingamizi, mtafute mthamini aliyesajiliwa, kisha wakili.