Tuwalinde Wazee Wetu na Wezi wa Simu



Mwizi wa zamani alivunja mlango usiku. Mwizi wa siku hizi hupiga simu mchana, akamwamkia mzee "Shikamoo", na mzee akampa fedha kwa mkono wake mwenyewe. Nataka kuwaeleza jambo hili, maana lilitupata nyumbani kwetu.

Muhula uliopita bibi yangu, akaaye kijijini wilayani Rungwe, alipigiwa simu na mtu aliyejiita mwalimu wa zamu. Akaambiwa kwamba nimeanguka bwenini, niko hospitali, na daktari hawezi kuanza kazi mpaka zilipwe shilingi 180,000. Bibi alikuwa na fedha za maharage yake. Akaenda mbio kwa wakala, akazituma zote. Saa ile mimi nilikuwa darasani, mzima kabisa, nikifanya hesabu.

Kwa wiki tatu hakumwambia mtu, kwa kuona haya. Nilipofika likizo ndipo aliponiambia, "Mjukuu wangu, nilidhani unakufa. Ningeanzaje kuuliza maswali?"

Basi, bibi si mjinga. Mwizi hakuishinda akili yake. Aliyatumia mapenzi yake, na akamharakisha asipate kufikiri. Tena tukumbuke kuwa huduma ya fedha kwa simu ilianza Tanzania mwaka 2008, naye alikuwa mtu mzima tayari.

Hila nyingine ni mbili. Ya kwanza ni ujumbe usemao, "Ile fedha itume kwenye namba hii." Mwizi huupeleka kwa watu wengi, akitumaini kumpata mmoja aliyekuwa na fedha ya kutuma siku hiyo. Ya pili ni ujumbe wa uongo kwamba umepokea fedha. Kisha mtu hupiga akilia kuwa amekosea, umrudishie. Ukirudisha, umetoa fedha yako mwenyewe.

Yafaa tufanye haya:

1. Tuandike kwa herufi kubwa namba za shule na za ndugu, tuzibandike ukutani. Mzee akipata habari ya kutisha, akate simu, kisha apige mwenyewe namba iliyo ukutani.

2. Ukoo uwe na neno lake la siri. Asiyelijua asipewe kitu.

3. Kabla ya kurudisha fedha, mzee atazame salio lake, wala asiuamini ujumbe peke yake.

4. Namba ya siri asimpe mtu yeyote, hata ajiitaye mfanyakazi wa kampuni ya simu. Nasi wajukuu tusiiombe. Tumfundishe kubonyeza mwenyewe.

5. Fedha ikiisha kwenda, kampuni ya simu ipigiwe mara moja, kabla mwizi hajaitoa, na polisi waarifiwe. Ujumbe wa kitapeli upelekwe namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano.

La mwisho ndilo kubwa: tusimcheke mzee aliyeibiwa. Achekwaye leo, kesho ataficha, na mwizi atarudi.

Neno la siri la kwetu alilichagua bibi mwenyewe. Niliporudi shuleni nilimpigia kwa simu ya matroni, kumwarifu kuwa nimefika salama. Hakuitikia shikamoo yangu mpaka nilipolitaja.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu