Kubadilisha Funguo za Gitaa

Somo hili linahusu gitaa kavu, yaani gitaa lisilotumia umeme. Gitaa hili linafaa sana kijijini. Mtu mmoja na gitaa moja wanatosha kuchangamsha watu. Mwaka 1952 Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, alirekodiwa akiimba kwa Kiswahili huku akipiga gitaa kavu. Nyimbo zake zilifika mbali, hata Kenya.

Lakini gitaa lisilokaa katika sauti yake huharibu wimbo. Mara nyingi kosa liko kwenye funguo za kukazia nyuzi. Je, ufunguo ukiharibika, gitaa litupwe? Hapana. Funguo hubadilishwa, na wewe mwenyewe unaweza kuzibadilisha. Jambo kubwa ni kupima kabla ya kununua.

1. Kosa langu

Wanakisomo wa darasa letu la Lemara walikuwa na kwaya na gitaa moja. Siku moja meno ya ufunguo mmoja yalikatika. Watu 12 walichanga shilingi 2,000 kila mmoja. Zikapatikana shilingi 24,000. Wakanikabidhi mimi, mwalimu wao, nikanunue funguo mpya mjini.

Nilikwenda dukani bila kipimo. Niliona funguo zinazong'aa, nikadhani funguo zote ni sawa. Niliporudi, tukatoa za zamani na kujaribu zile mpya. Kijiti cha kwanza kiliingia katika tundu lake. Cha pili kilikataa. Cha tatu kilikataa zaidi.

Mama mmoja mwanakisomo, ambaye mwaka uliotangulia hakujua tarakimu, alichukua rula. Alipima kichwa cha gitaa. Kutoka tundu hadi tundu zilikuwa milimita 35. Kisha akapima funguo nilizonunua. Zilikuwa milimita 39. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hesabu hii ulitufundisha wewe."

Nilirudi dukani. Mwenye duka alisema kifurushi kilichofunguliwa hakirudishwi. Hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, na fedha ilikuwa ya watu. Nililipa funguo nyingine kwa fedha yangu. Ndiyo sababu naandika somo hili.

2. Ufunguo unavyofanya kazi

Umewahi kuona zeze? Uzi wa zeze hukazwa kwa kigingi cha mti. Kigingi hushika kwa sababu kimebana katika tundu lake. Kikilegea, uzi nao hulegea.

Ufunguo wa gitaa ni tofauti. Una sehemu tatu:

Sikio, ambalo unalizungusha kwa vidole.
Gia, yaani gurudumu dogo lenye meno. Huzungushwa na chuma chenye mizunguko kama skrubu.
Kijiti cha chuma, ambacho uzi huzungushwa juu yake.

Sikio huzungusha gia, na gia huzungusha kijiti. Lakini uzi ukivuta kijiti, gia haiwezi kulirudisha sikio nyuma. Kwa hiyo uzi haulegei. Kama gia ina meno 15, sikio huzunguka mara 15 ili kijiti kizunguke mara 1. Ndiyo maana unaweza kukaza uzi kidogo kidogo.

Kazi hiyo ni nzito. Nyuzi sita za chuma zilizokazwa huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70. Huo ni zaidi ya mfuko wa saruji wa kilo 50. Meno yaliyolika hayawezi kuhimili nguvu hiyo.

3. Tafuta kosa kwanza

Usinunue kitu kabla ya kujua kosa liko wapi. Fanya hivi:

Sikio likiwa gumu, safisha vumbi kwenye gia, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani. Kama gia imefunikwa kabisa, usiifungue.

Sikio au gia ikicheza, tazama kama kuna skrubu ndogo iliyolegea. Ikaze taratibu.

Uzi ukilegea ingawa ufunguo ni mzima, tazama ulivyofungwa. Pengine uzi unateleza kwenye kijiti.

Kama meno yamekatika, au kijiti kimepinda, au sikio linazunguka bila kijiti kuzunguka, basi ufunguo umekwisha. Sasa ni wakati wa kubadilisha.

4. Pima na uandike

Chukua rula, karatasi na kalamu. Andika majibu ya maswali haya:

(a) Je, kila ufunguo uko peke yake, au funguo tatu zimeunganishwa kwenye bamba moja?
(b) Kama ziko kwenye bamba, ni milimita ngapi kutoka katikati ya kijiti cha kwanza hadi katikati ya kijiti cha pili?
(c) Tundu la kichwa cha gitaa lina upana wa milimita ngapi? Funguo nyingi za siku hizi zilizofunikwa huhitaji tundu la milimita 10. Nyingi za zamani zilizo wazi huhitaji tundu dogo zaidi.
(d) Nyuzi ni za chuma au za nailoni? Vijiti vya nyuzi za nailoni huwa vinene zaidi.

Nenda dukani na karatasi hiyo. Chukua pia ufunguo mmoja wa zamani, uulinganishe na mpya. Kumbuka kwamba funguo za kushoto na za kulia hazifanani. Gitaa la kawaida huhitaji tatu za kushoto na tatu za kulia.

5. Kutoa na kufunga

Vifaa: bisibisi inayoenea vizuri kwenye skrubu, koleo, kipande cha mshumaa, gundi ya mbao, njiti za kiberiti na kopo la kuwekea skrubu. Kama funguo zina nati, tafuta spana yake.

Hatua ya 1. Legeza nyuzi zote kidogo kidogo. Usikate uzi uliokazwa. Unaweza kuruka na kukuumiza jicho.

Hatua ya 2. Toa nyuzi. Kisha fungua skrubu na kuziweka ndani ya kopo. Kama kuna nati upande wa mbele, ifungue kwanza.

Hatua ya 3. Toa funguo za zamani taratibu. Zikikataa, usizivute kwa nguvu. Tazama kama umesahau skrubu.

Hatua ya 4. Ingiza funguo mpya bila kuzifunga. Zungusha kila sikio. Kila kijiti kizunguke bila kugusa ubao. Kikibana, simama. Usipanue tundu kwa msumari wa moto. Ubao wa kichwa ni mwembamba, hupasuka upesi. Kama tundu ni dogo mno, mpelekee fundi seremala.

Hatua ya 5. Tazama matundu ya skrubu. Kama tundu limelegea, paka njiti gundi, iingize, ikate na uache ikauke hadi kesho yake. Kama unahitaji tundu jipya, litoboe liwe jembamba kuliko skrubu. Lisitokee upande wa pili.

Hatua ya 6. Paka skrubu nta ya mshumaa ili iingie kwa ulaini. Ikaze kwa mkono mpaka ishike. Usiongeze nguvu baada ya hapo. Skrubu hizi ni ndogo, hukatika kichwa.

6. Kurudisha nyuzi

Gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni lisitiwe nyuzi za chuma. Nyuzi za chuma huvuta zaidi, na zinaweza kung'oa daraja.

Pitisha uzi kwenye kijiti, uache ulegee kidogo, kisha uzungushe. Mizunguko miwili au mitatu inatosha. Ipangwe kushuka chini, isipandane.

Nyuzi, kuanzia nene hadi nyembamba, ni E, A, D, G, B, E. Uzi mnene ni wa 6, na mwembamba ni wa 1. Vyuma vya shingoni hugawa shingo katika vyumba. Kama uzi wa 6 uko sawa, linganisha hivi:

Bonyeza uzi wa 6, chumba cha 5: utapata sauti ya uzi wa 5.
Bonyeza uzi wa 5, chumba cha 5: utapata sauti ya uzi wa 4.
Bonyeza uzi wa 4, chumba cha 5: utapata sauti ya uzi wa 3.
Bonyeza uzi wa 3, chumba cha 4: utapata sauti ya uzi wa 2.
Bonyeza uzi wa 2, chumba cha 5: utapata sauti ya uzi wa 1.

Ukipita sauti unayoitaka, legeza hadi chini yake, kisha kaza tena kupanda. Nyuzi mpya hulegea siku za kwanza. Usidhani funguo ni mbovu.

Ndugu msomaji, wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Gitaa letu la Lemara lilipona kwa rula. Kujua kusoma na kuhesabu si kwa ajili ya daraja la mtihani tu. Ni kwa ajili ya kulinda mali yetu na fedha za wenzetu.

Maswali

1. Kwa nini funguo za kwanza zilizonunuliwa hazikuingia?
2. Kutoka tundu la 1 hadi la 2 ni milimita 35, na kutoka la 2 hadi la 3 ni milimita 35. Je, kutoka la 1 hadi la 3 ni milimita ngapi? Fanya hesabu hiyo tena kwa milimita 39. Tofauti ni milimita ngapi?
3. Taja kosa moja la ufunguo linaloweza kutengenezwa bila kununua mpya.
4. Kazi ya kufanya: Chagua kifaa kimoja nyumbani kinachohitaji kipuri, kama vile baiskeli au cherehani. Pima sehemu iliyoharibika na uandike vipimo vyake. Vilete darasani.