Hadithi Moja, Maumbo Matano: Nini Hubaki Maelezo Yanapobadili Chombo?

Utangulizi

Wazo la kisayansi halimfikii mwanafunzi likiwa tupu. Humfikia likiwa limevikwa sauti, maandishi, picha au jaribio, na kila vazi huonyesha upande mmoja wa wazo hilo na kuficha mwingine. Mwalimu anayechagua baina ya kusoma kwa sauti, kuchora ubaoni na kuwaacha wanafunzi wajaribu wenyewe hana budi kujua ni nini kinapatikana na ni nini kinapotea katika kila njia. Jambo hili ni gumu kulipima, kwa kuwa ni nadra maelezo yale yale kupitishwa katika vyombo vingi na mtu yule yule.

Mfano mmoja wa aina hiyo unatoka Uingereza. Mwandishi Douglas Adams (1952–2001) alitunga hadithi ya kuchekesha ya kubuni ya kisayansi iitwayo The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, yaani mwongozo wa mtu anayesafiri katika galaksi kwa kudandia vyombo vya wengine. Hadithi hiyo ilianza kama mchezo wa redio wa BBC mwezi Machi 1978. Ikawa kitabu mwaka 1979, mfululizo wa televisheni mwaka 1981, mchezo wa kompyuta mwaka 1984, na filamu mwaka 2005. Adams alishiriki katika kazi zote hizo, ingawa filamu ilikamilishwa na wengine baada ya kufa kwake.

Muhtasari wa kisa

Arthur Dent anaamka na kukuta nyumba yake inataka kubomolewa ili barabara ipite. Siku hiyo hiyo Dunia nzima inabomolewa na viumbe waitwao Vogon kwa sababu iyo hiyo: kuna njia ya angani inayotakiwa kupita hapo. Arthur anaokolewa na rafiki yake Ford Prefect, ambaye kumbe ni mtu wa sayari nyingine na mtafiti wa kitabu kiitwacho Mwongozo. Mwongozo huu ni ensaiklopedia inayozungumza. Kila linapotokea jambo geni, kisa husimama na Mwongozo hutoa maelezo. Kwa hiyo ndani ya hadithi hii mna kazi ile ile afanyayo mwalimu darasani, yaani kueleza.

Sauti na maandishi

Katika redio, Mwongozo ni sauti tulivu ya mwigizaji Peter Jones, ikisaidiwa na milio iliyotengenezwa katika karakana ya sauti ya BBC. Redio ina utajiri wa ajabu: mambo makubwa hayagharimu kitu. Mhusika Zaphod Beeblebrox anatajwa kuwa na vichwa viwili, na kwa msikilizaji neno hilo latosha. Lakini sauti ikishapita imepita. Msikilizaji aliyepitwa na sentensi moja hawezi kurudi nyuma.

Kitabu kinatibu kasoro hiyo. Msomaji anaweza kusimama, kufikiri, na kurudia ukurasa. Sauti ya Mwongozo na sauti ya msimulizi zinakaribiana mno, hata maelezo yenyewe yanakuwa sehemu ya ucheshi. Hata hivyo, umbo hili nalo lina mipaka yake. Mfululizo wa kwanza wa redio unafika mpaka Arthur na Ford wanapokwama katika Dunia ya kale, lakini kitabu cha kwanza kinaishia mapema zaidi, na sehemu iliyobaki ilibidi ingoje kitabu cha pili mwaka 1980.

Picha

Televisheni ililazimika kuonyesha yale ambayo redio iliyataja tu. Kichwa cha pili cha Zaphod kikawa chombo cha mitambo ambacho mara nyingi kililala tu begani. Mzaha uliokuwa mwepesi masikioni ukawa mzigo machoni. Lakini kwa upande wa Mwongozo televisheni ilifaulu sana. Maelezo yaliambatana na michoro na maandishi yaliyojitokeza kwa kufuata mwendo wa sauti. Watazamaji wengi waliidhania kuwa kazi ya kompyuta, kumbe ilichorwa kwa mkono, picha moja baada ya nyingine. Sikio na jicho vilifanya kazi pamoja.

Filamu ya mwaka 2005 ilikuwa na ufundi mkubwa zaidi, lakini ilikuwa na muda wa saa mbili hivi tu. Ilitilia mkazo mapenzi ya Arthur na Trillian, na ikamalizia kwa Dunia kurudishwa. Ili kupata nafasi, maelezo mengi ya Mwongozo yalifupishwa. Ucheshi uliotegemea hoja ndefu ulipungua, kwa kuwa hoja ikikatwa katikati haichekeshi wala haifundishi.

Kutenda

Mchezo wa kompyuta, ambao Adams aliutunga pamoja na Steve Meretzky, ulikuwa wa maandishi matupu. Mchezaji huandika amri, na kompyuta humjibu. Hapa Mwongozo hausemi mpaka uulizwe.

Mfano mzuri ni chai. Katika kitabu, mtambo wa kuendeshea chombo cha angani unahitaji kitu chenye mwendo wa Brown, na kikombe cha chai ya moto kinatosha. Mwendo huo ni wa kweli. Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea Robert Brown aliona kwa hadubini chembe ndogo mno zilizotoka katika chavua zikitikisika majini bila kukoma. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba chembe hizo zinasukumwa na molekuli za maji zisizoonekana, na majaribio ya Jean Perrin yakathibitisha maelezo hayo. Msomaji wa kitabu huucheka mzaha wa chai na kupita. Mchezaji lazima aitafute chai na kuiunganisha na mtambo, na asipofanya hivyo haendi mbele. Aliyefanya hasahau upesi.

Kosa lisilotibiwa na chombo

Kuna jambo ambalo ubora wa chombo hauwezi kulirekebisha. Mwongozo unaeleza kwamba mtu aliyetupwa katika ombwe la angani, akijaza hewa mapafuni, ataishi kwa sekunde 30 hivi. Arthur na Ford wanaokolewa katika sekunde ya 29. Maelezo haya yanapendeza, lakini shauri lake ni la hatari. Kwa mujibu wa Kanuni ya Boyle, kanieneo ikipungua ujazo wa gesi huongezeka. Hewa iliyozuiwa mapafuni ingetanuka na kuyapasua. Mtu angepoteza fahamu baada ya sekunde 10 hadi 15 hivi, ingawa angeweza kuokolewa kama hewa ingerudishwa upesi. Mwaka 1966, huko Houston, fundi mmoja aliyekuwa akijaribu vazi la angani ndani ya chumba cha ombwe alizirai baada ya sekunde 14 hivi mpira wa hewa ulipochomoka. Hewa ikarudishwa, naye akapona. Sauti nzuri na picha nzuri huweza kubeba kosa kwa urahisi ule ule zinaobeba ukweli.

Jibu bila swali

Sehemu mashuhuri kuliko zote ya hadithi hii inahusu kompyuta kubwa iitwayo Deep Thought. Inaulizwa jibu la maisha, ulimwengu na kila kitu. Baada ya kukokotoa kwa miaka milioni saba na nusu, inatoa jibu: 42. Hapo ndipo inapodhihirika kwamba hakuna ajuaye swali lenyewe lilikuwa nini. Tukio hili limebaki katika redio, kitabu, televisheni na filamu, na sababu yake si vigumu kuiona: nguvu yake haitegemei sauti, picha wala mitambo, bali hoja. Namba isiyo na swali haina maana, kama kipimo kisicho na kizio. Mwanafunzi anayeandika "42" bila kusema ni mita, ni sekunde au ni gramu yumo katika hali ile ile ya Deep Thought, na mwalimu anayempa tiki amekubali jibu lisilo na swali.

Maswali

1. Andika maelezo mafupi ya mwendo wa Brown kwa ajili ya redio. Yaandike tena kwa ajili ya bango lenye mchoro. Ni mambo gani uliyaacha kila mara, na kwa nini?

2. Mapafu yana lita 6 za hewa kwa kanieneo ya kawaida. Hewa hiyo ingechukua ujazo gani kama kanieneo ingeshuka hadi theluthi moja na jotoridi lisibadilike?

3. Baadaye katika hadithi, swali linalopatikana ni 6 mara 9. Onyesha kwamba jibu 42 ni sahihi ikiwa mtu anahesabu kwa mafungu ya 13 badala ya mafungu ya 10.