Ubunge si mirathi

Kila uchaguzi unapokaribia, hoja ya watoto wa viongozi huibuka upya. Wapo wanaosema mtoto wa kiongozi amekulia katika uongozi, basi apewe. Wapo wanaosema anyimwe kwa sababu ya jina lake. Mimi naona pande zote mbili zimekosea.

Tuanze na Nyasa. Kapteni John Komba alichaguliwa mbunge wa Mbinga Magharibi mwaka 2005, na tena 2010. Alifariki Februari 28, 2015. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka huo, jimbo likiwa sasa linaitwa Nyasa, kiti kilikwenda kwa Mhandisi Stella Manyanya, aliyekuwa mbunge wa viti maalumu.

Kalenga, Iringa, mambo yalikwenda vingine. Waziri wa Fedha, Dk. William Mgimwa, alifariki Januari 1, 2014. Machi mwaka huo huo mwanawe, Godfrey, akashinda uchaguzi mdogo. Alirudi bungeni 2015, lakini 2020 kiti kikachukuliwa na Jackson Kiswaga. Na Namtumbo, huko huko Ruvuma, Vita Kawawa, mtoto wa Waziri Mkuu wa zamani, Mzee Rashidi Kawawa, aliingia bungeni 2005, akawa nje kuanzia 2015, akarudi 2020.

Tunajifunza nini? Jina la mzazi hufungua mlango, lakini halimzuii mtu kutolewa. Na mlango wenyewe ni kura za maoni za chama, ambako wanaoamua ni wachache na jina linalofahamika huweza kuishinda hoja.

Ndugu msomaji, mirathi tunaijua. Mtu akifa, kabla warithi hawajagawana, madeni hulipwa na amana za watu hurudishwa kwa wenyewe. Amana haiingii kwenye mafungu. Ubunge ni amana, na mwenyewe ni mpiga kura. Inarudi kwake, naye ana hiari ya kumkabidhi amtakaye, hata mtoto wa marehemu akimwona anafaa. Sayyidna Umar bin Khattab alikwenda mbali zaidi: katika shura ya watu sita, mwanawe Abdullah aliruhusiwa kushauri, si kuchaguliwa khalifa.

Kwa hiyo, akija mtoto wa kiongozi kuomba kura, Mbamba Bay au Kariakoo, tusimuulize baba yake alikuwa nani. Tumuulize yeye ana lipi kuhusu barabara, usafiri wa ziwani na bei ya kahawa ya mkulima wa Mbinga. Akikosa jibu, aambiwe kwa upole: rambirambi tulishatoa, kura ni jambo jingine.