Biskuti za Noeli na mjane wa Sarepta



Majilio yakianza, sisi walezi wa Utoto Mtakatifu tunaulizana swali lile lile: mwaka huu tufanye nini na watoto? Igizo la kuzaliwa Yesu ni zuri, nyimbo pia. Mimi hapa Kasulu huwa naoka nao biskuti, na dada yangu aliyeolewa Kibondo anafanya hivyo na watoto wa jumuiya yake. Somo la leo linafanyika jikoni. Weka Biblia karibu, 1 Wafalme 17:8-16, ila nawa mikono kwanza.

Kwa watoto 12 chukua unga wa ngano nusu kilo, siagi ya kupaka mkate gramu 200, sukari gramu 150, yai 1, asali vijiko 2 vya chakula na tangawizi ya kusaga vijiko 2 vya chai. Asali ya misitu ya Kibondo inanukia kuliko vanila ya dukani. Hayo ni maoni yangu na sibishani na mtu. Ngano ikiwa bei juu, robo yake iwe unga wa muhogo, biskuti zitavunjika upesi kidogo lakini zinalika vizuri tu. Mawese yaache kwenye maharage. Kanda, pumzisha donge nusu saa, sukuma unene wa nusu sentimita.

Oveni hatuna, na wala si kikwazo. Tia mchanga mkavu kwenye sufuria kubwa, kina cha vidole viwili, bandika jikoni dakika kumi upate moto. Weka sahani ya bati yenye biskuti juu ya mchanga, funika, kisha panga makaa juu ya mfuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo zitaungua tumbo. Dakika 12 hadi 15 zinatosha. Kazi ya moto ni yako wewe, si ya mtoto.

Sasa utundu. Nyota unakata kwa kisu ukifuata karatasi, duara kwa mdomo wa kikombe. Watoto wetu wakiambiwa wakate ng'ombe wa zizini Bethlehemu, wanakata ng'ombe wa kwetu, pembe ndefu kuliko mwili! Waache. Sukari iliyotwangwa kwenye kinu kikavu ikachekechwa, ukaitia matone ya ndimu, inakuwa rangi nyeupe ya kupamba. Maji ya choya yanatoa nyekundu. Macho ni vipande vya karanga.

Zikiwa zinapoa ndipo nasimulia. Kulikuwa na ukame. Eliya alikuwa amejificha kwenye kijito, kijito kikakauka, akavuka mpaka hadi Sarepta, nchi ya Sidoni. Hapa kwetu mtoto haulizi mkimbizi ni nani: Wakongo wako Nyarugusu tangu 1996, Warundi walijaa tena Nduta mwaka 2015. Mjane alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, chakula cha mwisho cha yeye na mwanawe. Eliya akaomba amtengenezee yeye kwanza kimkate kidogo.

Jamani, hilo ni ombi gumu! Usilipitie haraka haraka. Watoto nao wanaligundua. Mwaka jana binti wa miaka kama sita aliniuliza kwa nini Eliya hakungoja mtoto ale kwanza. Mikononi alikuwa na ng'ombe wake mwenye macho ya karanga, na alishajua nataka kusema nini.

Nilimwambia asome mbele. Eliya hakuomba tu, alileta ahadi ya Mungu kwamba unga hautaisha, na nyumba nzima ikala siku nyingi. Kwa hiyo mlezi, usimwambie mtoto atoe biskuti yake pekee, hasa yule ambaye nyumbani ngano anaiona Noeli hadi Noeli. Kipimo hiki kinatoa biskuti 36 hivi: moja anakula ya moto, moja anapeleka kwao, ya tatu ni zawadi. Askofu Charles de Forbin-Janson alipoanzisha Utoto Mtakatifu Ufaransa mwaka 1843, wazo lilikuwa watoto wawasaidie watoto, kwa sala na kwa kidogo walicho nacho. Kidogo, si chote.

Ila ipi iwe ya zawadi, anachagua mwenyewe. Mimi simshiki mkono. Yule binti alitoa nyota iliyopasuka, ng'ombe akaondoka naye kwao. Sikumsema. Dada yangu anasema ningemsisitiza kidogo. Tumebishana hilo mpaka leo.

Biskuti zikishapoa kabisa, zitie kwenye ndoo kavu yenye mfuniko, zinakaa wiki. Tarehe 24 mchana tunazifunga kwenye karatasi na kuzipeleka kwa wagonjwa na wazee wa jumuiya, na kwa watoto ambao hawakuweza kuja. Mtoto mwenyewe ndiye anabisha hodi, mlezi anabaki njiani.