JUMATANO: Mizigo na Furushi

Soma Wagalatia 6:2-5. Paulo anawezaje kutuagiza tuchukuliane mizigo, kisha aseme kila mtu ana furushi lake mwenyewe?

Mwaka 1935, mjini Akron, Marekani, watu wawili walioteswa na pombe, Bill Wilson na daktari Bob Smith, walianza kusaidiana kuiacha. Hapo ndipo kilipoanzia chama cha Alcoholics Anonymous. Leo wafiwa na wagonjwa pia wana vikundi vya namna hiyo. Faida yake ni kubwa: anayekusikiliza amepita njia ile ile, na aibu hupungua (Yakobo 5:16).

Lakini iko hatari. Rafiki za Ayubu walimfaa walipoketi naye kimya siku 7 (Ayubu 2:13). Walipofungua vinywa, wakamwongezea jeraha. Tena siri ikitoka nje, aliyeisema huenda asifungue moyo wake kamwe (Mithali 11:13). Wala kikundi hakichukui nafasi ya daktari, au ya Mungu. Wenzako watakushika mkono. Kuiweka chini chupa ni furushi lako.

Mshiriki wa darasa lenu akikiri leo kwamba pombe imemshinda, je, Sabato ijayo habari zake zitakuwa katika maombi yenu, au katika mazungumzo ya mlangoni?